Nilimtoa Mke Wangu Kwenye Mtihani kwa Uongo

Dada Demetria, shikamoo. Naomba unisaidie mie mdogo wako, na kama utanitukana nitukane mwishoni ila nisome kwanza, maana hii kitu sijamwambia mtu yeyote na kila nikikaa nayo naona inazidi kunenepa. Mie ni fundi seremala, kazi yangu ipo Keko, naishi Kiwalani kwenye nyumba ya wapangaji wengi, shule niliishia darasa la saba ndio maana naandika hivi hivi kama naongea, na hata kuongea kwenyewe sio muongeaji, kwenye kundi la watu mie ndio yule anayeangalia tu. Majina nimebadilisha.

Mke wangu tumwite Auleria, yuko chuo mwaka wa tatu, anasomea uhandisi wa maji, darasa lao wasichana wako wanne tu, waliobaki wote wanaume. Mtoto wetu Blessing bado ananyonya. Mama mkwe alikuwa aje kutoka Bukoba atukalie na mtoto kipindi cha mitihani lakini akaumwa miguu, basi tukakubaliana mie ndio niwe naenda chuoni kumsaidia, yeye akiingia kwenye mtihani mie nakaa nje na mtoto, akitoka anamnyonyesha. Na huko chuoni kwao ndio mtindo, wanafunzi wenye watoto wanakuja na mama zao au wasichana wa kazi, wanakaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya kusomea nje, maana hakuna chumba, jua lao mvua yao, na akina mama wengine nimewaona wananyonyesha chini ya ngazi huku watu wanapita wanawaruka miguu.

Mtihani wa kwanza ulienda vizuri tu. Mwanaume nilikuwa peke yangu pale, bibi mmoja akaniangalia weee, akasema, "We baba, mtoto umemfunga kama gunia la mkaa, atakutoka huyo! Hebu geuka." Akanifunga khanga upya mgongoni, akaniambia, "Haya, sasa umependeza. Mume wangu mie hakuwahi kushika mtoto hata mmoja, alisema anaogopa kuwavunja." Wakacheka wote na mie nikacheka, na Dada sikufichi, nilisikia raha.

Ishu ipo kazini. Keko jina la utani likikushika halikuachii. Kuna braza anaitwa Badru alionekana dukani ananunua pampasi, basi Marijani, ambaye ndio mdomo wa pale kijiweni, akaanza, "Oyaa Mama Pampasi! Leo hunyonyeshi?" Badru akipiga randa anaambiwa "taratibu utaamsha mtoto", mpaka wateja wakawa wanakuja wanauliza Mama Pampasi yuko wapi tumpe kazi, mwisho akahamia kwa fundi mwingine huko mbele, na mie nilikuwa nacheka kama wenzangu. Kwa hiyo kazini sikusema nakwenda kulea, nilisema naumwa tumbo.

Siku ya mtihani wa pili nimekaa zangu kwenye kimbweta jirani na yule bibi, mtoto mgongoni kalala, nikaona kirikuu chetu, kile kigari cha mizigo cha kazini, kinaingia getini. Marijani kakaa nyuma juu ya meza, meza zile nilizopiga msasa mie mwenyewe, tulijua ni mzigo wa chuo ila bosi hakutaja chuo gani. Dada, akili iliruka. Ningeweza kumpa yule bibi mtoto nikaenda kujificha chooni, hilo nimelifikiria baadaye. Mie nilichotaka ni mtoto atoke mgongoni kwangu kabla Marijani hajaniona, nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha mtihani nikamwambia msimamizi, "Mtoto wa Auleria ana degedege." Sijui neno lile lilitoka wapi. Msimamizi akaniuliza, "Una uhakika? Maana akitoka harudi." Nikasema nina uhakika.

Auleria alitoka mbio kalamu mkononi, akamvuta mtoto mgongoni kwangu, nikamwambia imeshatulia kidogo ila twende tu, tukapita geti la nyuma tukachukua bajaji mpaka zahanati. Nesi akampima akasema, "Mtoto mzima huyu, ana njaa tu." Auleria akalia huku anacheka, akanishika mkono akaniambia, "Bora umeniita, baba Blessing. Mtihani upo wa kurudia, mtoto akienda hana sapu." Na kesho yake kazini Marijani wala hakuniambia kitu, kumbe kirikuu kilizunguka stoo nyuma ya jengo, wameshusha meza wameondoka, hakuna aliyeniona.

Sasa kuna mwalimu wao mmoja, Dokta Zarin, kwenye idara yao walimu wanawake ni yeye na mwenzake, na huyu mama siku nyingi anaomba chuo kitenge chumba cha wanafunzi na wafanyakazi wenye watoto wachanga, na kila akisema anajibiwa hiki ni chuo sio kliniki. Kaisikia habari ya degedege kaumia sana. Kapeleka maombi Auleria apewe mtihani maalumu, na anataka kuwaonyesha wakubwa kwamba mtoto alipatwa na hali ile kwa sababu ya kukaa juani. Kikao ni Jumatano, na mie natakiwa niende nieleze nilichokiona. Alinipigia simu mwenyewe, "Shemeji, wewe ndiye shahidi wangu, useme tu ukweli." Nikamwambia sawa Dokta.

Na Auleria naye ameanza kusema labda aahirishe mwaka amlee mtoto kwanza, eti mwili wake ulikuwa kwenye mtihani lakini roho ilikuwa nje. Mie najua roho yake ilikuwa kwenye mtihani, mie ndio niliyemtoa. Nikisema ukweli anapata sifuri na ananiona mie takataka, na yule mama wa watu watamcheka. Nikisema uongo anapewa mtihani wake, chumba labda kinapatikana, kila mtu anafurahi. Je, uongo wa pili hauwezi kutengeneza ule wa kwanza?

Ni mie, fundi wa Keko.

*

Fundi, marahaba.

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Jumatano. Uliomba nikutukane mwishoni, mie nitaanza hapa hapa ili tumalizane. Umemtoa mwanamke kwenye chumba alichopigania miaka mitatu kuingia, kwa kuogopa mdomo wa Marijani. Msimamizi alikupa nafasi ya kurudi nyuma, alikuuliza una uhakika, ukaitupa. Na kwa Badru ulicheka. Basi, hayo nimeyasema.

Nakuhurumia pia, maana wanaume wengi wanaoniandikia hawajawahi hata kukaa kwenye hicho kimbweta. Wewe ulikaa, na ulisikia raha. Ila acha kuandika kwamba ulikwenda "kumsaidia" mkeo. Anayesaidia ndiye anayeona anaweza kuondoka muda wowote akiona aibu. Blessing ni mtoto wako.

Swali lako jibu lake ni hapana. Huo uongo wa pili hautakuwa wako peke yako, utambebesha Dokta Zarin naye asimame nao mbele ya watu wanaomsubiri ajikwae. Siku nesi wa zahanati akiulizwa, hicho chumba kimekufa kwa miaka mingine, na kila mwanafunzi atakayesema mtoto wangu anaumwa ataambiwa huo ni mchezo wenu. Na chumba hakihitaji degedege ya kutunga. Akina mama wananyonyesha chini ya ngazi, umewaona kwa macho yako. Hilo ndilo la kwenda kusema kwenye kikao.

Na mkeo anakaribia kuacha masomo mwaka mzima kwa sababu ya ugonjwa ambao haukuwepo. Anapima maisha yake kwa mizani uliyoichezea wewe. Ukikaa kimya, utakuwa unamtoa kwenye mtihani mara ya pili.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie Auleria leo, mchana, nyumbani kwenu, hata redio ya mpangaji mwenzenu ikipiga kelele isiwe sababu ya kuahirisha. Umwambie yeye kwanza, Dokta baadaye. Anza na neno "nilidanganya", usianze na Marijani, maana ukianza na Marijani utajikuta umekuwa wewe ndiye uliyeonewa. Halafu mwende wote wawili kwa Dokta Zarin kabla ya Jumatano, Auleria akikubali kuongozana nawe. Asipokubali, nenda peke yako. Kwenye kikao useme mkeo hakudanganya mtu, aliambiwa mtoto ana degedege akatoka kama mama yeyote angetoka, mwongo ni wewe. Wakimpa mtihani au wasipompa, siwezi kukuahidi. Hilo utaishi nalo.

Kama ataahirisha mwaka au hataahirisha, aamue mwenyewe baada ya kujua. Usimshauri. Umeshaamua vya kutosha kwa niaba yake.

Usimpelekee kitenge wala chipsi kuku za kumpoza. Usimwambie "nisamehe tuendelee" siku hiyo hiyo. Ukishamaliza kusema, nyamaza, hata asipojibu. Mchukue mtoto mtoke nje mkakae barazani wapangaji wote wakiwaona, na msirudi ndani mpaka awaite, ili naye apate nafasi ya kukasirika bila kunyonyesha.