Muuguzi Amelala

Bweni la Wauguzi,
chumba cha mwisho, karibu na bafu.
Jumapili, 12 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo wako umeacha visa. Baba Mdogo anaendeleaje na kikohozi? Mimi sijambo, ukiondoa miguu, ambayo siku hizi naihesabu kama mgonjwa wangu binafsi.

Uliuliza kama nimepata gari. Mama Mdogo, gari nalisikia tu likinipigia honi nikae pembeni lipite! Muhula huu hatuko wodini. Tunazunguka majumbani kuwahudumia wagonjwa waliotoka hospitali. Wenzangu wana magari au pikipiki, au wana wachumba wenye navyo. Mimi napanda basi hadi mwisho wa njia, kisha ni kwa mguu, begi la bandeji mgongoni. Wao wameshamaliza na kuoga, mimi bado nauliza nyumba yenye geti la bluu ni ipi.

Nimechoka. Sikupambii maneno. Naamka nimechoka, nafua sare nimechoka, hata nikicheka ni mdomo tu.

Sasa nikupe kisa, ila usimwambie mama kabla hujamaliza kusoma. Wiki iliyopita ilikuwa siku yangu ya kupimwa. Mkufunzi wetu, mama asiye na mchezo hata kidogo, alikuwa ananisubiri nyumba ya pili aone ninavyofanya kazi. Nilikwisha kuonywa kwa kuchelewa. Nikianguka hapo, narudia mwaka mzima, na unajua mama hana tena uwezo wa kunisomesha mwaka mwingine.

Nyumba ya kwanza ni ya bibi mmoja mwenye kidonda cha kisukari mguuni. Nilikisafisha, nikakifunga, nikampima presha. Akaniambia nikae kidogo jasho likauke. Nikakaa. Kiti chenyewe kigumu ajabu, lakini ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka.

Niliposhtuka, nimefunikwa shuka, viatu nimevuliwa, na mkufunzi yuko kwenye kigoda mbele yangu, amekunja mikono. Kumbe alichoka kunisubiri, akanifuata na gari lake. Bibi, kama alivyonisimulia baadaye, akamzuia mlangoni kwa fimbo.

"Shh! Muuguzi amelala. Katoka huko mbali kwa miguu. Wewe una gari, utasubiri."

Na mkufunzi, Mama Mdogo, akasubiri!

Nililia palepale, sikufichi. Niliona mwaka wangu ndio huo unakwenda. Mkufunzi hakunibembeleza. Alivaa glovu, akafungua bandeji, akakichunguza kidonda. Kilikuwa kisafi, kimeanza kufunga. Akamuuliza Bibi ni nani humhudumia.

"Si huyo aliyekuwa anakoroma?"

Basi akaniambia ninawe mikono, nikifunge upya mbele yake. Nikakifunga. Nimepita, Mama Mdogo, ingawa alama za kuwahi zimekwenda na maji. Kisha akanipakia kwenye gari lake hadi nyumba ya pili. Njiani alizima redio, nipate kusinzia.

Uliniambia nikichoka niseme, utanitumia nauli nije kukusaidia dukani. Haya, nimesema. Lakini nauli usiitume. Nilitaka tu mtu wangu mmoja ajue.

Nisalimie Baba Mdogo, na dada mshonaji, mwambie sare alizonishonea zinafulika vizuri. Wale mapacha waambie Sindano wao, aliyekuwa akiona chanjo anakimbilia uvunguni, sasa ndiye anayewachoma wengine. Mungu akulaze bila maumivu na akuamshe na nguvu.

Wako akupendaye, aliyechoka lakini yupo,

Sindano

Nimesahau: juzi nilirudi kumbadilishia Bibi bandeji. Kile kiti amekiwekea mto.