Kitambaa Juu ya Seva

Baba Neema wangu,

Leo nina habari mbili, na zote zinagusa ile mashine yako.

Unakumbuka siku ulipoileta hapa Gongo la Mboto? Boksi jeusi, halina hata skrini. Nikakuuliza, "Sasa hii tutaangalia wapi?" Ukanijibu, "Hii ni seva, Mama Neema. Yenyewe inatunza, kompyuta ya sebuleni inafungua." Ukavuta waya kutoka stoo mpaka sebuleni huku ukinieleza mambo ya Unix, huo mfumo wa kuiendesha, mpaka ugali wangu ukaungua. Nilinuna! Lakini kesho yake nikafungua folda pale sebuleni, nikakuta picha za harusi yetu na mazoezi yote ya kwaya. Kununa kukaisha.

Mie nikaitandikia kitambaa changu cha kufuma, kama redio, kama friji. Nikitandika, wewe unatoa. "Mashine inapumua hii!" Kesho natandika tena. Jamani, tuligombania kitambaa kile kuliko kitu chochote ndani ya nyumba hii.

Ulipotutoka nikakitandika, na hapakuwa na wa kukitoa. Niliona kama nakufunika wewe usipate baridi.

Juzi Neema kaja na mtoto. Ndiyo, mjukuu wako kazaliwa! Wa kiume, na paji la uso ni lako lilelile. Akasema, "Mama, nifungulie ule wimbo baba aliomwimbia mtoto." Ule uliourekodi ukiwa mgonjwa kitandani, Neema akiwa mjamzito, sauti imeshakwisha, ukasema atakusikia hata msipoonana. Nikawasha kompyuta ya sebuleni. Folda haipo. Seva haionekani kabisa. Neema akageuka akatazama ukutani, maana nakala nyingine hatukuwa nayo.

Nikaenda stoo kuigusa. Weee, moto kama pasi! Ilikuwa imejizima kwa joto, na kitambaa changu kimetulia juu yake. Nilikusikia kabisa ukinigombeza. Nikakitoa, nikafungua dirisha, tukasubiri ipoe huku mtoto akilia. Kisha nikaiwasha, nikarudi sebuleni, na folda ile hapo! Ukaanza kwa kukohoa, kama kawaida yako, halafu ukaimba. Mtoto akanyamaza, akakodoa macho. Neema alilia, nami nililia, ila moyo wangu ulikuwa mweupe.

Tumempa jina lako. Neema aliirekodi sauti ya mtoto akiguna ukiwa unaimba, akaiweka kwenye kompyuta ya sebuleni, na mie mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikaihamishia kwenye folda yako, jirani na wimbo wako. Neema kaondoka na nakala ya vyote viwili kwenye flashi. Sina wasiwasi tena, mume wangu. Nyumba ina sauti mpya, na yako bado imo.

Kitambaa nimekitandika kwenye kiti chako. Hapo njoo ukitoe, kama unaweza.

Mkeo anayekupenda bado,
Mama Neema, ambaye sasa ni Bibi