Mguu wa Nyuma wa Farasi Wako

Mzee Kipruto,

Nilikosea. Sikuwahi kukuambia ukiwa hai, nawe unajua neno hilo linavyonikwama kooni, mimi niliyebishana na wahariri, mapadri na madiwani bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Nasema juu ya farasi wako wa penseli. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nasi tumekaa katika ile hoteli ya chai karibu na stesheni ya Nakuru. Nilikuwa nakusomea makala yangu: kwamba farasi ni mnyama wa mabwana, na kwamba ninyi masaisi mliowatunza kule Gilgil mlimaliza ujana wenu mkisugua fahari ya Mzungu. Mtu mwingine angenimwagia chai. Wewe ulichukua ukurasa niliokwisha kuusoma, ukaugeuza, ukatoa penseli nyuma ya sikio.

"Endelea, mwalimu. Wewe piga kelele, mimi nachora."

Chai haijapoa, farasi akawa amesimama pale.

Nami nikacheka. "Mzee, hii farasi yako iko na miguu tatu na nusu! Hiyo nusu ingine Mzungu alienda nayo?" Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umekunjwa, ncha tu ya ukwato ikigusa chini. Nikadhani umechoka kuchora. Nikafungua kalamu yangu ya wino, nikaunyoosha, kama ninavyosahihisha insha za watoto.

Ukautazama. "Haya, mwalimu. Kunywa chai."

Wiki chache baada ya kukuzika nilikwenda kwenye maonyesho ya kilimo. Farasi mmoja alikuwa amesimama juani, mguu wa nyuma umekunjwa vilevile. Nikamfokea saisi wake kwamba mnyama ameumia naye anamtazama tu. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Ameumia wapi, mzee? Amepumzika. Hawezi kusimama hivi karibu na mtu asiyemwamini."

Nilirudi nyumbani bila kumaliza maonyesho. Nikaitoa karatasi yako. Nyonga imeshuka upande mmoja. Sikio limelegea. Mdomo wa chini unaning'inia kama wa mtu aliyesinzia kanisani. Mistari haifiki ishirini, na yote inakubaliana na ule mguu. Wino wangu peke yake ndio unaobisha. Hukuwa na farasi mbele yako, mzee. Ulikuwa na mimi, nikipayuka. Nikakuambia ulitumikia fahari ya mtu, nawe ukanionyesha bila hasira mnyama aliyelala usingizi kwa kuwa wewe ulikuwa karibu.

Asante. Makala yangu ya upande wa pili siwezi hata kuisoma siku hizi.

Sasa kuna jambo. Binti yako Chebet alikuja juzi. "Mwalimu, baba alikuwa anachora mpaka kwa magunia, na sisi hatuna hata picha moja. Wewe huna?" Nikamwambia nitatafuta. Nilidanganya, mzee, karatasi ilikuwa kwenye droo, kando ya goti langu. Sikutaka kuachana nayo, wala sikutaka aulize ni nani aliyeuharibu mguu.

Nilijaribu kuukwangua wino kwa wembe. Karatasi ikaanza kutoboka, nikaacha.

Jumamosi nitampelekea. Nitamwambia mistari ya penseli ni ya baba yake na wa wino ni wangu, na nitamweleza kwa nini farasi husimama hivyo. Nakuahidi sitajitetea.

Pumzika vyema, mzee wangu.

Mwalimu