Dereva wa Gari Jekundu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshatoka kazini, umevua viatu na umekaa, maana ni ndefu kidogo. Kile kikohozi ulichomweleza Mama kwenye simu kimekuachia? Sisi huku hatujambo. Mama yupo na cherehani yake. Bibi magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Mimi nasoma kwa bidii kama ulivyoniagiza.

Umeuliza kuhusu kompyuta yako ya gemu: tuiongezee memori, au fundi aichukue atupe nyingine mpya zaidi, nawe umalizie malipo. Umesema unataka jibu kabla hajamuuzia mtu mwingine ile aliyotuwekea. Nimelifikiria jambo hilo hata darasani, mpaka mwalimu wa jiografia akaniuliza kama ramani imehamia dirishani.

Kweli imezeeka. Feni yake hukoroma kama mtu aliyelala baada ya kushiba. Lile gemu lako la magari likifunguka, barabara hutangulia peke yake, na huku na huku ni weupe mtupu kama maziwa. Gari jekundu likifika kwenye kona ya ziwa, kila kitu huganda. Ukisubiri, milima huanza kujitokeza mmoja mmoja, halafu miti, halafu maji, kama vile dunia inaamka na bado haijaamua iweje siku hiyo. Usinicheke, kaka, lakini napapenda sana pale.

Fundi alikuja Jumamosi, yuleyule tunayemwita Taratibu, kwa sababu hawezi kushika bisibisi bila kulitaja neno hilo. Alifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akauliza kama huwa tunahifadhi unga humo ndani. Alisema ile nyingine ina kasi na ingenifaa kwa michoro ya majengo ninayotamani kusomea, ila gemu hili ni la zamani, haliwezi kuingia humo. Memori ni kijiti tu chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, kinachomekwa mara moja. Akatuachia kimoja tukijaribu hadi Jumamosi nyingine. Kisha akalitazama gemu na kucheka. Alisema hajawahi kuona dereva wa namna hii: mashindano yote ameshika mkia, na gari halina hata mkwaruzo. Akaniuliza kama ninaendesha au ninapeleka mayai sokoni. Bibi, aliyekuwa anakunja nguo, akakohoa na kuendelea kukunja.

Sasa nikwambie ukweli, kaka. Dereva huyo si mimi. Ni Bibi.

Unajua Babu alikuwa dereva wa lori, na Bibi akisafiri naye. Anasema miaka yote ile Babu hakumwachia usukani hata kwenye uwanja mtupu. Alimwambia kazi yake ni kumzungumzisha asisinzie. Siku moja Bibi alinikuta nafuta vumbi ule usukani wako wa plastiki uliofungwa mezani. Akaugusa, akauliza kama unafanya kazi. Tangu hapo nikirudi kutoka shuleni namkuta ananisubiri, amevaa miwani na viatu, maana anasema dereva haendeshi pekupeku. Alinionya nisimwambie mtu, hasa wewe, usije ukasema amerudi utotoni.

Na kompyuta ikiganda pale kwenye kona, ndipo anaposimulia. Amenisimulia Babu alivyoimba vibaya njia nzima, na Mama alivyozaliwa safarini wakiwa wamebeba saruji. Milima ikishatimia, hadithi hukatika, naye huondoa gari.

Kwa hiyo tulipochomeka kile kijiti, niliogopa. Barabara ilifunguka yote kwa pamoja, milima tayari imesimama, ziwa linang'aa, na ng'ambo yake tukaona nyumba nyeupe ambazo hatukujua kama zipo. Bibi akaendesha bila neno. Siku ya pili vilevile. Nikajikuta naomba kimoyomoyo kompyuta igande. Nilikaribia kukuandikia kwamba usiongeze chochote.

Jana akafika tena kwenye kona ya ziwa. Hakikuganda kitu. Alipunguza mwendo mwenyewe, akaegesha gari pembeni kabisa, magurudumu yote kwenye majani, akavua miwani. Nikamuuliza kama amechoka. Akasema hapana, ila dereva mwenye akili hapigi soga kwenye barabara asiyoizoea, na sasa ameizoea. Kisha akaanza kunisimulia siku alipomwona Babu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ndefu kuliko zote, maana hapakuwa na mlima wa kumkatiza.

Basi jibu langu ni hili: tuongeze memori, na ile nyingine apewe anayeihitaji. Michoro yangu itaendelea kwa penseli na rula, na nimeshaanza kuzichora zile nyumba za ng'ambo. Tafadhali mpigie fundi kabla ya Jumamosi.

Mama anakusalimu. Hajui lolote, au anajua na amenyamaza, maana juzi alimshonea Bibi mto wa kukalia pale mezani. Nimemwambia Bibi kwamba nimekuandikia yote. Alinuna kidogo, kisha akasema ukija likizo atakupakia, lakini utakaa pembeni, na kazi yako itakuwa kumzungumzisha.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba