Shuka Jekundu Ndani ya Vumbi

Jumatatu, 12 Septemba 1983
Nyumbu tangu asubuhi. Shayo anawahesabu kutoka angani, mimi narusha helikopta. Mgongo unauma. Helikopta haijui kutulia yenyewe: usukani mkono wa kulia, wenzo wa kuinua mkono wa kushoto, pedali za mkia miguuni. Ukigusa kimoja, viwili vingine vinadai kurekebishwa. Mtoto wa kijiji cha Qurus, mzoefu wa jembe la maksai, nani angedhani.

Jumanne, 13 Septemba
Redio asubuhi. Nesi wa zahanati ya wafugaji huko juu milimani anaomba msaada. Nolari, uzazi wa kwanza, mtoto amekaa vibaya. Gari lao limevunjika gia. Asipopasuliwa hospitali ya Karatu leo, atakufa. Nikasema naenda, haraka kuliko ninavyojiamini. Hewa ya huko ni nyepesi, injini inahema. Nikamshusha Shayo apunguze uzito. Kanuna.

Wafugaji walinipa boma lililohamwa nitue ndani, wakafungua ua wa miiba, wakafagia. Heshima kubwa. Kumbe kufagia ndiko kulikolegeza mavi makavu ya ng'ombe. Nilipokaribia chini, yote yakapaa. Sikuona ardhi, sikuona ua. Pasipo kitu cha kutazama hujui kama umetulia au unateleza pembeni. Niliogopa sana.

Kisha shuka jekundu. Mtu mmoja mbele yangu, kaegemea fimbo, kafumba macho. Wenzake wote wamekimbia. Nikamkazia macho yeye tu. Akionekana kwenda kushoto, ni mimi ninayekwenda kulia. Narudisha. Polepole. Tukagusa chini.

Ni Lemburis, mume wa Nolari.

Kabla ya kupaa, wanawake walimwaga maji yao ya kunywa ili vumbi lilale. Maji ya kiangazi, ya kubebwa mgongoni. Sitasahau. Kengele ya injini kuzidiwa ililia ukingoni mwa bonde. Nikaiacha helikopta iteremke nalo mpaka ikapata mwendo. Nolari alinishika bega njia nzima hadi Karatu.

Jumatano, 14 Septemba
Hakuna habari kutoka Karatu. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Alhamisi, 15 Septemba
Wazima wote wawili! Binti. Nimelia nyuma ya mapipa ya mafuta. Shayo kajifanya haoni, Mungu ambariki.

Jumapili, 18 Septemba
Lemburis kaja kwa miguu, na kondoo jike wa kunipa. Nikamuuliza kwa nini hakukimbia.

“Dume la ng'ombe likichachamaa, rafiki, ukikimbia linakufuata. Ukisimama, linatulia.”

Kumbe hakuwa ananielekeza mimi. Alikuwa anaituliza helikopta. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Lakini si ilitulia?

Kwao, waliopeana kondoo huacha majina yao, huitana pakerr, yaani mwenzangu wa kondoo. Kondoo anakula majani chini ya mkia wa helikopta. Lemburis akiondoka aligeuka njiani, akaniita hivyo. Nikaitika.