Eksirei ya Metwalli Ilivyotundikwa

Bayumi, daktari ametundika eksirei ya figo za kaka yangu Metwalli kinyume. Kinyume, Bayumi.

Akaigonga kwa kalamu: "Dawa ya kung'arisha picha haikupita kushoto. Figo hii imekufa, kesho tunaitoa."

Nikamwambia daktari kwamba kaka anaumwa kulia. Akacheka. "Haji, wewe mkulima au profesa?"

Nikaigeuza mwenyewe. Herufi ya pembeni mwa picha, iliyokuwa imepinduka, ikasomeka, figo mbovu ikahamia kulia.

Madaktari hawahawa ndio waliotudunga dawa ya kichocho shuleni, darasa zima sindano moja, tukaambukizana, maini ya wenzetu yakaoza.

"Fundi wa picha amekosea," daktari akasema. Kwani aliyeitundika ni fundi?

Na Metwalli, ambaye kesho angeamka hana figo nzima hata moja, akanivuta kanzu: "Mwombe daktari radhi, umemwaibisha."