Siku kinini iliziba masikio yangu

Mujukuu wangu Grâce,

Bwana asifiwe. Huku Ruashi tuko wazima; mudogo wako ameota jino, anatuuma sisi wote. Unaniuliza kama ni kweli vile banawafundisha ku shule ya uuguzi, kwamba kinini, dawa ile ya malaria, inaweza kuziba masikio. Mujukuu, mimi ni mushahidi!

Nilikuwa kijana, malaria ikanishika karibu na ndoa ya dada yangu, kule Kipushi. Ili nipone mbio, nikameza vidonge vya kinini vya siku mbili mara moja. Masikio ikaanza kulia kama nyuki, kichwa ikazunguka, macho ikaona ukungu, nikatapika. Mama akasema, "Malaria imezidi, tumuongezee kinini!" Papa akakataa, akanipeleka hospitali. Sikusikia kitu tena, kwa hiyo muuguzi akaandika ku karatasi: "Ulimeza ngapi?" Nikaona haya, lakini nikasema kweli. Palepale akasimamisha kinini, akanitia serumu ya sukari ku mushipa wa mukono, akawa anapima moyo wangu kila mara.

Siku ya tatu mama alikuwa anaimba pembeni ya kitanda. Nikamwambia, "Mama, wimbo unakosea!" Akapiga vigelegele, akacheza mpaka muuguzi akamufukuza inje. Ndoa tulikosa, lakini ngoma tulicheza.

Mungu akutunze,
Nkambo wako Béatrice